Mafuta yakipanda watu wanaacha magari kweli?

Mleta mada umeuliza mafuta yakipanda bei watu wanapaki magari kweli au wanalalamika tu halafu maisha yanaendelea. Mi naendesha kila siku na ninavyoona gari haliachwi, kinachoachwa ni mizunguko. Safari ya kazini haiguswi, inayokufa kwanza ni ile ya "ngoja nitoke mara moja", siku hizi nikitoka job napitia sokoni, kwa fundi, kumsalimia mama, yote njia hiyohiyo, na nikisahau kitu kinasubiri kesho au naenda kwa mguu. Na hizo safari fupi ndo zinakunywa maana injini inakuwa haijapata moto.

Pale sheli nako tabia inabadilika, mtu aliyezoea kusema jaza tanki anaanza kutaja hela, afu anatembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima. Hapo hajaokoa kitu, lita ni zilezile. Wengine wakikuta mteremko wanaweka gia frii, jamani, injini za siku hizi ukiachia mguu wa mafuta gari likiwa kwenye gia inakata mafuta yenyewe, ukiweka frii ndo inaendelea kunywa ili isizime, na mzigo wote unaubebesha breki. Bora upunguze spidi na ujaze upepo matairi. Marekani 1974 baada ya mgogoro wa mafuta waliweka mpaka sheria, mwisho maili 55 kwa saa, kama kilomita 88 hivi.

Lifti za kuchangia mafuta nazo zinakuja kwa kasi, ila ugomvi wake siyo hela, ni kusubiriana, kuna jamaa yetu kila asubuhi "nishatoka" kumbe ndo anapiga mswaki 😂. Bei ikishuka kidogo tu kila mtu anarudi kwenye gari lake. Asiyerudi ni yule aliyeuza gari la injini kubwa akachukua dogo, au aliyehamia karibu na kazini.

Na basi? Ujerumani, Juni mpaka Agosti 2022, waliweka tiketi ya euro 9 kwa mwezi mzima, mabasi na treni za kawaida nchi nzima, zikauzwa zaidi ya milioni 50. Watu wanapanda bana, kama basi lipo. Ila kama kituo kiko mbali, hujui litapita saa ngapi, na nauli nayo imepanda kwa sababu ya mafuta hayohayo, utanung'unika weee afu utawasha gari.