Re: Nyumba ya wazee kwa mama, huku Marekani

Pole na kuuguza, dada. Umeuliza kama Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, italipa mama akihamia nyumba ya wazee kuishi huko daima. Hailipi. Kwa kawaida hugharamia uuguzi wa kitaalamu usiozidi siku 100, tena baada ya kulazwa hospitalini angalau siku 3 mfululizo. Makazi ya kudumu hulipiwa na Medicaid, mpango wa serikali wa afya kwa wenye kipato kidogo, kwa wanaostahili, au mfuko wenu.

Nyota za ubora wa nyumba hizo kwenye tovuti ya Medicare zitazame, ila mimi siziamini sana. Nenda Jumapili jioni bila miadi. Mgonjwa akibonyeza kengele, hesabu dakika mpaka mtu atokee. Angalia midomo ya wazee kama imekauka, na kama glasi ya maji iko mkono unapofika. Na kwa kuwa mama hali nguruwe, waulize wapishi wenyewe, si yule wa ofisini anayetembeza wageni.