Dishi la paani kwenye gari la kulala halishiki DStv: usinunue LNB kwanza

Mkuu mleta mada, maelezo yako nimeyasoma yote. Gari la kulala ulilolitoa Uingereza limeshuka bandarini salama, paani lina dishi la kujiinua kwa mota, umechomeka king'amuzi cha DStv, umebonyeza kitufe, dishi likanyanyuka, likazunguka weee, kisha likajilaza lenyewe. Kwenye TV umebaki na E48-32, ule ujumbe wa kukosa mawimbi. Fundi wa kwanza kasema LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) imekufa, wa pili kasema ubao wa mota umeungua, na wote wawili wanataka hela. Usitoe hata mia.

Kazi yangu ni kufunga madishi, ya nyumba na ya magari, zaidi huku Tegeta na Bahari Beach, na magari ya aina hiyo yameshanipitia mikononi. Kwa dalili ulizotaja dishi lako ni zima kabisa. Linatafuta satelaiti za Uingereza huku limeegeshwa Dar.

Kule London watu wanatumia Astra ya digrii 28.2 mashariki, ambayo kwao iko chini chini upande wa kusini mashariki, kama digrii 25 tu kutoka usawa wa ardhi. Mashine yako imepangwa kiwandani kwa mtindo huo: inuka kidogo, tafuta kusini. Na mawimbi ya Astra hiyo yameelekezwa Ulaya, kwa hiyo hata dishi likilenga pale pale ilipo, kwa huku halikuti kitu. Linazunguka, linakata tamaa, linalala. Ndicho ulichokiona.

Sisi tuko kusini ya ikweta karibu digrii 7, na Dar iko digrii 39 mashariki. DStv wanarusha kutoka Eutelsat za digrii 36 mashariki, yaani karibu utosini kwetu. Mwinuko wake hapa ni kama digrii 81, upande wa kaskazini ukikengeuka kidogo magharibi. Azam wao wako digrii 7 mashariki: mwinuko kama 52, uelekeo magharibi na kaskazini kidogo tu. Pita mtaa wowote wa Sinza uangalie mapaa. Madishi ya DStv yametazama juu kama mabakuli yanayokinga mvua, ya Azam yamesimama zaidi na yote yanaangalia upande wa Morogoro.

Sasa swali la kwanza kabla ya spana yoyote: mkono wa dishi lako unaweza kufika 81? Mikono mingi ya magari ya Ulaya haifiki, kwa sababu kule hakuna anayeihitaji. Weka kidhibiti kwenye hali ya kuendesha kwa mkono, siyo ile ya kutafuta yenyewe, kisha mwambie mtu abonyeze juu mpaka mkono ugote. Angalia kibandiko kwenye kitako cha mkono au kitabu chake, kiwango cha juu cha mwinuko huwa kimeandikwa. Ukikuta kinaishia 65 au 70, DStv kwa mkono huo sahau. Hakuna LNB itakayokuokoa. Azam inawezekana.

Kwa Azam, dira ya simu isomee mbali na gari, hatua kadhaa pembeni, maana mabati ya gari yanaivuruga. Lenga kama digrii 281. Gari liwe limekaa sawa, weka pima maji sakafuni, kwa sababu gari likilalia upande mmoja digrii tatu, dishi nalo limekosea tatu, na hizo zinatosha kabisa kulipoteza. Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu wengi wanaliruka: LNB lazima uizungushe. Kwa satelaiti iliyo mbali magharibi namna hii, hapa Dar LNB inakaribia kulala ubavu, inapita digrii 70. Ikibaki wima ilivyotoka Uingereza, mawimbi ya wima na ya mlalo yanabadilishana, na kwenye kipimo cha king'amuzi unaona nguvu imejaa na ubora umeganda sifuri. Legeza kishikio, izungushe polepole huku mwenzako akisoma ubora. Upande mmoja ukigoma, jaribu wa pili.

Kipimo cha nguvu kisikudanganye. Nguvu inakuambia LNB inapata umeme na waya umeunganika. Ubora ndio unaosema umeshika satelaiti yenyewe. Kwa hiyo nguvu ikiwepo, aliyesema LNB imekufa huenda amekosea. Tena LNB ya kawaida ya Ulaya, ile yenye namba za masafa 9750 na 10600, ndiyo hiyo hiyo tunayofunga huku. Ukiwa bado na wasiwasi, ifungue ukaijaribu kwenye dishi la jirani linalofanya kazi, robo saa umemaliza ubishi.

Nguvu ikiwa inakuja na kupotea, hapo panda juu ukaangalie waya kwenye bawaba, pale mkono unapokunjika. Kila dishi linapolala na kuinuka ule waya unapindwa mahali pale pale. Nje ganda linaonekana zima, ila ukilibonyeza kwa vidole unasikia pamelegea, pamekuwa laini. Shika hapo, pinda kidogo huku TV imewaka. Picha ikirudi na kukatika, umempata mwizi. Koneka nazo usiziache. Gari moja lililokuwa linalala Kigamboni karibu na bahari, nilipofungua koneka ya LNB ulidondoka unga wa kijani, na ule uzi wa shaba wa katikati ulikuwa mweusi, ukiugusa unavunjika. Chumvi ya bahari hiyo. Kata mpaka ukute shaba inayong'aa, funga koneka mpya, zungushia utepe wa mpira unaojigandia wenyewe. Solotepu ya umeme jua la Dar linaibandua mapema.

Umeme nao: chaneli nusu zikipotea usiku injini ikiwa imezimwa na mchana zinarudi, pima betri. LNB inapokea mawimbi ya wima ikipewa volti 13 na ya mlalo ikipewa 18, na king'amuzi kilichounganishwa moja kwa moja kwenye betri iliyochoka kinaweza kushindwa kutoa hiyo 18. Chaneli za upande mmoja zinaondoka zote kwa pamoja.

Miti sitaisema sana. Kwa Azam, mwembe unaozidi paa lako kwa mita 10 unataka uwe umeegesha mita 8 na zaidi kutoka hapo, kama huo mwembe uko upande wako wa magharibi. Kwa DStv, ukiegesha chini ya mwembe basi.

Kama DStv ndiyo unayoitaka kweli kwa sababu ya mpira, ushauri wangu ni kuachana na paa. Nunua dishi la kawaida la sentimita 80 au 90, simamisha chini kwenye stendi ya miguu mitatu, ning'iniza dumu la maji la lita 20 katikati ili upepo wa bahari usiliangushe, vuta waya wa dishi, ule wa RG6, mita 10 au 15 mpaka dirishani. Faida yake gari linakaa kivulini na dishi linakaa uwanjani. Mimi naona hiyo ni nzuri kuliko hata mota inayofanya kazi, ila najua kuna wadau humu watabisha.

Kesho ukipanda juu piga picha ya kile kibandiko cha kitako na ya LNB ilivyokaa, ziweke hapa. Na utuambie nguvu inasoma ngapi na ubora ngapi dishi likiwa limesimama.