Jiwe la milimita 6: kusubiri au kulitoa?

Mkuu, umeuliza kama jiwe la milimita 6 lililokwama sehemu ya chini ya mrija wa figo, karibu na kibofu, ni lazima litolewe kwa upasuaji. Si lazima. Yaliyo chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe. Lako liko mpakani, hivyo daktari wa mfumo wa mkojo huweza kusubiri wiki 4 hadi 6, akikupa dawa ya maumivu na tamsulosini miligramu 0.4 kwa siku ili mrija ulegee. (Tamsulosini hushusha presha, usiinuke ghafla.) Kojoa kupitia kichujio ulinase jiwe, likapimwe aina yake. Wengi hudharau hili, kisha jiwe jingine linaota bila chanzo kujulikana.

Kosa baya zaidi: maumivu yakiisha, mtu harudi kupiga picha. Jiwe linaweza kuwa bado limeziba, na figo ikafa kimyakimya.

Ukipata homa na kutetemeka, au mkojo ukikata kabisa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwenye maambukizi, kwanza njia huzibuliwa kwa mpira mwembamba pamoja na antibayotiki. Kuvunja jiwe kwa leza hungoja maambukizi yaishe.