Mkopo ni wangu, mama mkwe kaingiaje?

Safu ya Shangazi wa Mwanga, Kigoma

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja: simu inavyomweka mtu hadharani. Naanza na ya mama wa Kibirizi kwa sababu imenikera kuliko zote, na nitakaa nayo zaidi.

Shangazi, shikamoo. Mimi nachuuza dagaa mwalo wa Kibirizi. Mzigo ulitoka alfajiri, mtaji sina, nikakopa kwenye programu ya simu ambayo kiungo chake nilitumiwa kwa meseji. Niliomba 150,000, ikaingia 105,000, wakasema iliyobaki ni ada. Natakiwa nirudishe 150,000 kamili ndani ya siku saba. Siku saba hazijaisha, mama mkwe wangu aliyeko Kasulu akapata meseji kwamba mimi ni tapeli na yeye ndiye mdhamini wangu. Wakamtumia na mteja wangu wa Tabora, na mwalimu wa mwanangu. Mume wangu habari za mkopo amezisikia kwa mama yake. Nawaza niivunje laini. Walijuaje namba ya mama mkwe? Na nikilipa watanyamaza?
*Mama Dagaa, Kibirizi*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Laini usiivunje. Wateja wako wote wako humo, na ushahidi wako uko humo.

Namba ya mama mkwe waliichota kwenye simu yako siku ile ile uliyoomba mkopo. Programu za namna hii zikifunguliwa mara ya kwanza hutoa vidirisha: niruhusu nisome majina, niruhusu nisome meseji, niruhusu nione picha. Ukikataa, mkopo hausogei. Mwanamke ambaye dagaa wake wanamsubiri ufukweni, na jua likichomoza kabla hajawaanika bei inashuka, atabonyeza Ruhusu mara tatu bila kusoma, na waliotengeneza ile programu wanalijua hilo vizuri. Ukishabonyeza, orodha nzima inanakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta zao. Ndiyo maana kuifuta programu leo hakurudishi majina, ingawa bado nakushauri uifute, kwa sababu kila siku inayobaki humo inaweza kuendelea kusoma.

Kile kiungo cha meseji kilikuwa dalili. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google imezikataza programu za mikopo zilizoko kwenye Play Store, duka lake la programu za simu, kusoma orodha ya majina na picha za mteja. Programu inayokuja kwa kiungo haipiti mlango huo, inaomba inachotaka. Na Benki Kuu ya Tanzania, Novemba 2024, ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Tafuta jina la hiyo yako kwenye tovuti ya Benki Kuu, uone kama imo kwenye hiyo orodha au kwenye orodha ya waliopewa leseni.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu watu wanasema wewe ndiye mwenye tamaa. Ulipokea 105,000, unatakiwa urudishe 150,000 baada ya wiki. Ni karibu shilingi 43 juu ya kila 100, kwa siku saba. Hii ndiyo kausha damu yenyewe, mkopo wa riba ya kunyonya; tofauti ni kwamba mkopeshaji wa mtaani huja na daftari mlangoni na huyu hana sura.

Lakini riba siyo iliyonifanya nishindwe kulala. Ni mama mkwe. Mama wa watu yuko Kasulu, pengine simu yake ni ya tochi, hajawahi kuiona hiyo programu. Hakubonyeza Ruhusu. Hakuomba mkopo, hakuweka sahihi, hakuulizwa. Leo anaitwa mdhamini wa tapeli, na tapeli mwenyewe ni mke wa mwanawe. Mdhamini ni mtu aliyekubali akajua anachokubali. Hakuna mtu anayefanywa mdhamini kwa kuwa jina lake liko kwenye simu ya mwingine, na wanaotuma meseji hizo wanasema uongo kwa makusudi.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zitumike kwa kusudi hilo, na inampa mwenye taarifa haki ya kulalamika mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na zingatia hapa: wewe una haki hiyo, mama mkwe anayo, mteja wa Tabora anayo, mwalimu anayo. Malalamiko manne yana uzito kuliko moja, na moja likitoka kwa mama mzima wa Kasulu ambaye hajakopa hata shilingi, sijui watajibu nini. Juu ya hiyo ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua. Hiyo ni ya kupeleka polisi.

Majirani zetu wa Kenya wameshaonyesha kwamba inawezekana. Septemba 2023, ofisi yao ya kulinda data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za kwao, kwa kutumia majina na namba za watu walizochukua kwa wengine na kuwatumia meseji na simu za vitisho. Mkopo hawakukopa hao waliolalamika. Ni kina mama mkwe.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha za skrini: mkataba wa mkopo, meseji ya pesa kuingia, kila tusi na tarehe yake. Omba wote waliotumiwa wasifute, wakutumie. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, ondoa ruhusa zote, halafu ndipo ufute. Mikopo hulipwa, na wewe lipa; 105,000 ulizipokea na ni za watu. Hiyo 45,000 iliyokatwa kabla hujaiona iandike kwenye malalamiko yako, uulizie uhalali wake. Lipa kwa namba ya biashara ya mkopeshaji tu. Akipiga kijana akakwambia tuma kwa namba yangu binafsi nikufutie deni, kata simu. Watanyamaza? Nimewaona hapa kibandani kwangu waliolipa wakaachwa, na waliolipa wakaambiwa imebaki faini ya kuchelewa. Kwa hiyo tunza kila risiti.

Kwa mama mkwe usitume meseji. Mtume wifi yako aende, au shangazi wa mumeo, mtu anayeweza kukaa naye jamvini akamweleza taratibu kwamba hadaiwi kitu na hatadaiwa. Kwa mteja na mwalimu inatosha kuandika: "Umetumiwa ujumbe kunihusu. Wewe si mdhamini wangu, huna deni, usilipe chochote. Tafadhali usiufute, nautaka kwa malalamiko." Na mumeo, kama anasoma hapa: baba, mkeo alikopa ili dagaa wasioze. Aibu iliyofika kwa mama yako imeletwa na mtu mwingine kabisa, mkasirikieni pamoja.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Ujiji. Tuna wadaiwa sugu watatu. Kikao kimepitisha kwamba picha zao ziwekwe kwenye steta za WhatsApp za wanachama wote na kwenye ukurasa wa mji kule Facebook, zimeandikwa MDAIWA. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzibandika. Wenzangu wanasema kukopa harusi, kulipa matanga, waache walie. Katiba ya kikundi imeruhusu. Nifanye?
*Katibu mwenye mashaka, Kasingirima*

Marahaba. Usibandike, na mashaka yako yaseme kwenye kikao kijacho kwa sauti.

Katiba ya kikundi inatawala fedha za kikundi. Haiwezi kuwapa ruhusa ya kufanya yale ambayo sheria ya nchi imeyakataza, hata mkipiga kura wote. Picha mlizipata kwa ajili ya fomu za uanachama. Kuzipeleka Facebook ni kazi nyingine ambayo wenyewe hawakuikubali. Mwezi ule ule, ofisi ile ile ya Kenya niliyoitaja juu ilitoa adhabu nyingine: klabu moja ya starehe ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na huyo wala hakuwa ameandikwa neno la kumdhalilisha.

Niache sheria kidogo. Ninyi ni watu wa Ujiji, mmekua mkijua deni linavyodaiwa. Mdaiwa huitwa pembeni. Akikaidi, anaendewa na wazee wawili jioni. Akikaidi tena, linafika kwa mjumbe, na mwisho baraza la kata. Kila hatua ina watu wachache wanaojua, na kila hatua inamwachia mlango wa kulipa na kuendelea kuishi mtaani. Mliyopitisha nyinyi yanaruka hatua zote hizo, na picha ikishatoka Facebook haifutiki hata siku atakapolipa. Mwanawe ataikuta akiomba kazi mwaka 2040. Hiyo methali wenzako wanayoitaja inamwonya mkopaji. Haimpi mkopeshaji ruhusa ya kumfanyia mtu matanga angali hai.

Mna wadhamini kwenye kikundi, wale walioweka sahihi kwa hiari yao. Anzeni na hao. Mkumbuke pia kwamba Ziwa Tanganyika linapofungwa ili samaki wazaane, kama ilivyokuwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nusu ya mji inakosa mzunguko. Ulizeni kwanza kama hao watatu ni sugu au wamekwama.

Shangazi shikamoo. Sitakuficha, naona mambo ya faragha mnayakuza. Sisi huku kila mtu anamjua mwenzake, anajua hata amekula nini. Mimi sina cha kuficha, wachukue taarifa zangu wapendavyo.
*Kijana wa Mwandiga*

Marahaba mwanangu. Wewe huna cha kuficha, nakubali. Lakini simu yako ina namba za watu mia kadhaa, na hao hawajakutuma useme kwa niaba yao. Mama Dagaa naye pengine hakuwa na cha kuficha. Na jirani anayejua umekula nini, wewe nawe unajua alichokula, mkikosana mtakutana kisimani. Hao wanaochukua orodha yako unawajua? Ukitaka kuwalaumu utaenda mlango gani? Faragha siyo kitu tulicholetewa juzi na simu. Ipo kwenye Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977: heshima na hifadhi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Isome. Ni fupi.

Mwanangu mhariri, mimi ni mzee wa Uvinza. Niliposajili laini kwa kijana wa mwavuli, kidole kiligoma mara nyingi, akanibonyezesha tena na tena. Sasa nasikia vijana hao husajili laini nyingine kwa vidole vyetu na kuwauzia matapeli. Nitajuaje?
*Mzee wa Uvinza*

Shikamoo baba yangu. Umesikia sawa, mchezo huo upo, na ndiyo njia mojawapo ambayo wale wa "ile pesa tuma kwa namba hii" hupata laini zisizo na majina yao. Piga *106# kwenye simu yako, fuata maelekezo, utaoneshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa. Ukiwa na laini mbili za kampuni tofauti, piga kwa zote mbili. Ukikuta namba usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni yenyewe, siyo kwa wa mwavuli, uwaambie waifute mbele yako, na usiondoke mpaka upige *106# tena ukaona imetoka. Ukitumiwa meseji ya kitapeli, ipeleke na namba iliyoituma kwenda 15040. Na safari ijayo kidole kikigoma mara ya pili, nyanyuka.