Maswali Yenu Kuhusu Jina la Mungu kwa Kiebrania

Swali: Kwa nini Biblia yangu huandika BWANA kwa herufi kubwa tupu mahali pengi?

Jibu: Hapo Kiebrania kina jina lenyewe la Mungu, lenye herufi nne, yodi, he, vavu na he, ambalo limeandikwa zaidi ya mara 6,800 katika Maandiko ya Wayahudi. Msomaji Myahudi akilifikia katika ibada hutamka Adonai, yaani Bwana, na katika mazungumzo husema HaShem, yaani Jina. Wafasiri wengi wa Kikristo wamefuata desturi hiyo.

Swali: Je, ni kweli kwamba jina hilo halikutamkwa kamwe?

Jibu: La, hasha. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lililochongwa katika karne ya 9 kabla ya Kristo na kupatikana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, linalitaja waziwazi, jambo linaloonyesha kwamba hata maadui wa Israeli walilifahamu. Desturi ya kulinyamazia ilikua polepole baada ya uhamisho wa Babeli. Hata hivyo, Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba Siku ya Upatanisho kuhani mkuu alilitamka Hekaluni, na makuhani na watu waliokuwa uani walipolisikia wakaanguka kifudifudi, wakisema: “Libarikiwe jina la utukufu wa ufalme wake milele na milele.” Warumi walipoliharibu Hekalu mwaka 70, ibada hiyo ilikoma. Kwa hiyo si haki kudai, kama wengine wadaivyo, kwamba Wayahudi walimficha Mungu wao. Walilinyamazia jina kwa kulicha.

Swali: “Yehova” na “Yahwe”, lipi ni sahihi?

Jibu: Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti. Wamasoreti, wanakili wa Kiyahudi walioongeza alama za irabu karne nyingi baadaye, waliliwekea jina hili alama za kumkumbusha msomaji atamke Adonai. Wakristo wa Ulaya katika Zama za Kati wakazisoma pamoja na zile herufi nne, likatokea Yehova. Yahwe ni makisio ya wataalamu, ingawa yana msingi mzuri: ufupisho “Yah” umo katika haleluya, na baadhi ya mababa wa Kanisa walioandika Kigiriki waliacha matamshi yanayolikaribia. Anayeomba kwa “Yehova” hamkosei Mungu heshima, kwa maoni yangu.

Swali: Kitabu chenye jina hilo kikichakaa, hutupwa?

Jibu: Hapana. Jina halifutwi wala halichomwi. Maandiko huhifadhiwa katika chumba kiitwacho geniza, au huzikwa makaburini. Katika sinagogi la Ben Ezra, Kairo, vilibaki hivyo maelfu kwa maelfu ya vipande.