Kompyuta pekee hazitoshi
Ndugu, umeuliza kama kuongeza kompyuta vyuoni kutawasaidia mafundi wetu. Kidogo sana. Tazama NeST, mfumo wa manunuzi ya umma Tanzania ulioanza kutumika 2023. Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, lakini usipojisajili na kutuma zabuni mtandaoni hupati kitu. Seremala hodari anaishia kumlipa kijana wa steshenari amjazie, na neno la siri anabaki nalo yule kijana! Mimi ningeanza hapo: maofisa maendeleo ya jamii wakae na kikundi, wanakikundi wenyewe wabonyeze, mpaka zabuni ya kwanza itoke. Mafunzo ya programu za kompyuta kama Excel yatafuata.