Kompositi Ikibanduka, Anza Kuchunguza Bondi

Daktari mwenzangu akilalamika kwamba kompositi aliyonunua, ile dawa ya kuzibia meno yenye rangi ya jino, ni mbovu kwa sababu inabanduka, huwa namuuliza kwanza: asidi uliiacha sekunde ngapi, na jino ulilikausha vipi? Mara nyingi kompositi yenyewe haina kosa. Kazi iliharibika mapema, katika zile dakika chache za kuandaa jino. Nimetibu meno pwani na sasa niko Arusha. Haya nawaandikia madaktari na matabibu wa meno wanaoanza kazi, hasa walio peke yao kwenye kliniki ndogo bila mkubwa wa kumuuliza.

Amalgamu, ile dawa ya zamani ya kuzibia yenye zebaki, ilitusamehe mengi. Unachonga tundu liwe pana chini kuliko juu, unashindilia, inakaa kwa umbo la tundu lenyewe. Kompositi haishiki jino yenyewe. Inashikwa na tabaka jembamba sana la bondi, yaani gundi ya majimaji tunayopaka kwenye jino kabla ya kompositi. Na kwa kuwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zinazidi kuachana na amalgamu, lazima tuijue bondi vizuri.

Kwenye enameli, gamba gumu la nje la jino, kazi ni nyepesi. Mwaka 1955 Michael Buonocore, akiwa Rochester, New York, alipaka enameli asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30, akaona akriliki, aina ya plastiki, inashika kwa nguvu kuliko kwenye jino lisilopakwa. Siku hizi tunatumia asilimia 35 hadi 37, lakini kanuni ni ile ile. Enameli karibu yote ni madini, kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake. Asidi inaitoboa vitundu visivyoonekana kwa macho, bondi inaingia humo na kugandia ndani. Ukiosha na kukausha, enameli iliyoiva huonekana nyeupe kama chaki. Usipouona weupe huo, usiendelee.

Dentini, sehemu iliyo chini ya enameli, ndiyo inayotusumbua. Madini yake ni kama asilimia 70 tu. Kinachobaki ni nyuzi za protini ziitwazo kolajeni na maji, na imejaa mirija midogo inayoelekea kwenye kiini cha jino. Asidi ikiondoa madini ya juu, zinabaki nyuzi tupu zilizosimamishwa na maji. Ukipuliza hewa kwa nguvu, nyuzi zinalala na kushikana, bondi haipati njia ya kupita. Mgonjwa atarudi akisema jino linapata ganzi akinywa maji baridi, au linauma akitafuna. Ukiacha maji mengi nako, bondi inazimuka. Nobuo Nakabayashi wa Japani alieleza mwaka 1982 lile tabaka la mchanganyiko wa kolajeni na bondi. Hilo ndilo tunalolitafuta, na halipatikani nyuzi zikishalala.

Kwa hiyo mimi naanza kupaka asidi kwenye enameli, kisha dentini mwishoni, isizidi sekunde 15. Naosha kwa maji mengi. Enameli naielekezea hewa, lakini dentini nainyonya maji kwa kipande kidogo cha pamba kilichokamuliwa. Dentini ing'ae kidogo bila kuwa na dimbwi la maji. Hapo ndipo mkono unapohitaji mazoezi, na njia nzuri ya kujizoeza ni kutumia meno yaliyong'olewa.

Kama bado huuamini mkono wako, nakushauri uchague bondi isiyohitaji asidi ya pembeni kwenye dentini, ile inayojichimbia yenyewe, na asidi ya fosforiki uipake kwenye kingo za enameli tu. Nyingi za kisasa zina kiungo kiitwacho 10-MDP kinachoungana na kalsiamu ya jino. Mimi mwenyewe matundu mengi ya meno ya nyuma nayaziba hivyo sasa, na malalamiko ya ganzi yamepungua sana. Ila usipake bondi hiyo kama rangi ya ukutani. Isugue kwa brashi ndogo kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi sekunde 20. Kisha puliza hewa taratibu huku ukiangalia uso wa kimiminika: mwanzoni kinatembea kwa mawimbi madogo, baadaye kinatulia na hata ukipuliza hakisogei. Sasa kiyeyushi, kile kimiminika kinachobeba bondi, kimetoka. Ukiwasha taa ya kugandishia kabla ya hapo, unagandisha bondi dhaifu.

Kiyeyushi hicho ndicho pia kinachofanya chupa iwe jambo la kuangaliwa. Kwenye bondi zenye asetoni, kiyeyushi hupotea hewani haraka, na kwenye joto la pwani haraka zaidi. Msaidizi asiimimine kwenye kisahani mgonjwa akiwa bado anachomwa sindano ya ganzi. Imiminwe inapohitajika, kifuniko kirudi papo hapo. Kama mtengenezaji anataka ikae kwenye friji, itoe mapema ili isipakwe ikiwa baridi.

Huku Arusha kuna jambo jingine. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Watoto wanaoyanywa meno yao ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka huota meno ya kahawia, mengine yenye vishimo. Wanakuja wakiwa vijana, wanacheka huku wameziba mdomo kwa kiganja, wanaomba meno ya mbele yafunikwe. Hawa wanastahili kazi ya kudumu. Enameli yao ina ngozi ya juu inayokataa asidi, na chini yake ni tepetepe. Ukifuata sekunde zile za kawaida, kompositi itadondoka. Kwaruza kwanza uso wa jino kidogo kwa bari ya almasi, kile kichwa kidogo cha kuchongea, acha asidi hadi dakika moja, osha, kausha, tafuta weupe wa chaki. Sehemu isiyobadilika irudie.

Mate na damu havina mjadala. Ukiweza kuweka mpira wa kutenga jino, uweke; usipoweza, pamba zibadilishwe kabla hazijalowa, na fizi inayotoka damu itibiwe kwanza, kompositi isubiri siku nyingine. Mate yakigusa jino lililokwisha pakwa asidi, osha, weka asidi tena kwa sekunde chache, uanze upya. Dawa ya muda yenye eujenoli, ambayo ni mafuta yale yale ya karafuu, inazuia bondi kuganda vizuri, hivyo isafishe yote kwenye tundu. Na hewa ya bomba lako ipulizie kwenye kioo kikavu: ukiona ukungu wa maji au mafuta, tatizo liko kwenye kompresa, mashine inayosukuma hewa hiyo.

Taa nayo ncha yake isiwe na kompositi iliyoganda, na iwe karibu na jino kadiri inavyowezekana. Kompositi ya kawaida weka tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja igandishwe peke yake.

Nyinyi mnaotibiwa, daktari akisema leo fizi inatoka damu mno, rudi wiki ijayo, mkubalieni. Na sisi kwenye faili tuandike aina ya bondi, tarehe chupa ilipofunguliwa, na kama jino lilitengwa kwa mpira au kwa pamba. Mgonjwa akirudi na kipande mkononi, angalia pia kilikobandukia: kama bondi imebaki kwenye kompositi na jino liko tupu, chunguza asidi na unyevu, kama imebaki kwenye jino, chunguza taa na uchafu ulioingia kati ya bondi na kompositi.